Percy wa Northumberland: ni ukoo mmoja au ni jina tu?

Msomaji anauliza: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni shabiki wa Tottenham Hotspur, nakuandikia kutoka Morogoro. Nimesikia jina Hotspur lilikuwa la mpiganaji wa ukoo wa Percy, na kwamba ukoo huo upo tangu 1066 na mpaka leo una ngome na mashamba. Rafiki yangu hapa kijiweni anakataa. Anasema wenye ngome siku hizi si Percy hata kidogo, ni watu wa Smithson waliojibandika jina la wenyewe. Nani mkweli? Na yule jogoo wa kwenye jezi, naye ni wa ukoo huo?"

Marahaba, kijana wangu. Mko sahihi wote wawili, na sisemi hivyo ili tu muendelee kunywa kahawa pamoja. Rafiki yako amehesabu kuumeni, wewe umefuata jina. Kwa mtu wa Morogoro jambo hili halipaswi kuwa gumu sana, maana Waluguru wanajua kwamba ukoo unaweza kupita kwa mama na ukabaki ukoo. Makabaila wa Kiingereza hawakuwa na utaratibu huo. Kwao cheo kwa kawaida kilimfuata mwanamume, na asipokuwepo kilikufa. Ardhi ndiyo ilikuwa na njia zake: ilifuata wosia, ilifuata mikataba ya ndoa, na mara nyingi ilimfuata binti. Kwa Percy ilimfuata binti mara tatu. Na kila mara kulikuwa na juhudi ya kuhakikisha kwamba mwanamume anayekuja kuoa anaacha jina lake mlangoni.

Tuanze na Percy wa kwanza. William de Percy alikuwa Mnormani, mtu wa kaskazini mwa Ufaransa, aliyevuka bahari muda mfupi baada ya wenzake kuivamia Uingereza mwaka 1066 na kupewa mashamba mengi, hasa Yorkshire na Lincolnshire. Wanormani wa siku zile walinyoa nyuso, yeye akafuga sharubu, na watu wakamwita "mwenye sharubu" kwa Kifaransa cha kwao. Kutokana na utani huo lilizaliwa jina Algernon, ambalo ukoo umewapa watoto wake kwa karne nyingi. Mzee huyu alikwenda Vita vya Msalaba vya kwanza na hakurudi.

Uzao wake wa kiume haukufika mbali. Kabla karne ya 12 haijaisha walibaki mabinti wawili, na mmoja wao, Agnes, aliolewa na Joscelin wa Louvain, mji ulio Ubelgiji ya leo. Huyu hakuwa mtu wa kuokotwa: dada yake Adeliza alikuwa mke wa pili wa mfalme Henry wa Kwanza, na yeye mwenyewe alikuwa na milki ya Petworth, kusini. Masimulizi ya ukoo yanadai Agnes alimpa masharti, achague kutwaa jina la Percy na kubaki na nembo yake, au kinyume chake. Hadithi hiyo inanukia kutungwa baadaye, lakini matokeo yake yanajulikana: watoto waliitwa Percy. Kwa hiyo hata Hotspur wako, ukihesabu kama anavyohesabu rafiki yako, si Percy. Ni mtu wa Louvain. Mwambie hilo leo jioni uone atajibu nini.

Ngome mnayobishania iko Alnwick (hutamkwa Anik, l na w humezwa), karibu na mpaka wa Uskoti. Haikujengwa na Percy. Henry de Percy aliinunua mwaka 1309 kutoka kwa Antony Bek, askofu wa Durham. Ununuzi huo ndio uliowageuza kutoka wenye mashamba wa Yorkshire kuwa wababe wa mpakani. London ilikuwa mbali sana, mwendo wa siku nyingi juu ya farasi. Waskoti walikuwa karibu, na wakivamia hawakuwa na subira ya kungoja mfalme apate habari. Mfalme alihitaji mtu wa kukaa pale mwenye watu, farasi na silaha tayari. Akawapa Percy ulinzi wa mpaka na fedha za kuuendesha, na mwaka 1377, siku ya kutawazwa Richard wa Pili, mkuu wa ukoo akapandishwa kutoka baroni kuwa erli wa Northumberland.

Hapo ndipo ilipo siri ya uhai wao. Mfalme aliyempa mtu jeshi mpakani alikuwa amempa pia jeshi la kumpindua.

Sasa Hotspur. Aliitwa Henry kama baba yake, akazaliwa 1364. Jina la utani lilitokana na vile vyuma vya kisigino (kwa Kiingereza "spur") ambavyo mpanda farasi humchomea mnyama ili akimbie: vya kwake, walisema, havikupoa. Yasemwa Waskoti ndio waliompa. Mwaka 1388 pale Otterburn aliwashambulia jioni badala ya kungoja kupambazuke, akashindwa, akatekwa, ikabidi akombolewe kwa fedha nyingi. Ndiyo tabia yenyewe ya mtu aliyeitwa hivyo. Mwaka 1399 yeye na baba yake walimsaidia Henry Bolingbroke kumwondoa Richard na kukalia kiti kama Henry wa Nne. Miaka mitatu baadaye, pale Homildon Hill, waliwapiga Waskoti vibaya na kukamata mateka wakubwa. Mateka wa namna hiyo walikuwa mali, kila mmoja na bei yake ya kukombolewa. Mfalme akawakataza Percy wasiwaachie mateka hao kwa fidia.

Juu ya hilo kulikuwa na madeni. Percy walidai serikali fedha za kulinda mpaka na hazikulipwa. Tena shemeji yake Hotspur, Edmund Mortimer, alitekwa na Owain Glyndŵr wa Wales, na mfalme hakutaka kumkomboa. Weka mambo hayo matatu pamoja, mateka, madeni na shemeji, utaelewa kwa nini waliomweka mfalme madarakani waliamua kumwondoa. Walikutana na jeshi lake Shrewsbury tarehe 21 Julai 1403. Hotspur aliuawa katikati ya mapigano. Simulizi maarufu linasema alifunua kinga ya uso apate hewa, na mshale ukampata hapohapo.

Alizikwa Whitchurch, kisha uvumi ukaenea kwamba yu hai. Mfalme akaamuru afukuliwe. Maiti ilipelekwa sokoni Shrewsbury, ikasimamishwa kwa mkuki kati ya mawe mawili ya kusagia, ili kila anayekuja kununua unga ajionee mwenyewe. Baadaye ikakatwa vipande, vikagawiwa miji mbalimbali, na kichwa kikaning'inizwa juu ya lango la York, kikitazama njia ya kwao. Mwishowe mabaki yalirudishwa kwa mjane wake. Baba yake aliasi tena, naye akauawa vitani Bramham Moor mwaka 1408.

Ungedhani habari ya ukoo imeishia hapo. Lakini mpaka ulikuwa bado uko palepale na Waskoti walikuwa bado Waskoti. Mwaka 1416 Henry wa Tano alimrudishia cheo mwana wa Hotspur. Na huyo Henry wa Tano ndiye, akiwa kijana wa miaka 16, aliyepigwa mshale usoni Shrewsbury upande wa pili wa vita vilevile.

Baada ya hapo mambo yalijirudia kwa namna inayochosha kuisimulia. Erli wa pili aliuawa St Albans mwaka 1455. Wa tatu aliuawa Towton 1461, na mfalme mpya akampa cheo mtu wa ukoo wa Neville, mahasimu wao, kisha mwaka 1470 akakirudisha kwa Percy. Wa nne alifika na watu wake Bosworth mwaka 1485, lakini akatazama tu huku mfalme Richard wa Tatu akiuawa. Mwaka 1489 yeye mwenyewe aliuawa na wananchi wa Yorkshire waliokasirishwa na kodi alizotumwa kukusanya.

Wa sita nitamtaja kwa sababu moja. Akiwa kijana katika nyumba ya Kadinali Wolsey, mshauri mkuu wa mfalme, alimpenda Anne Boleyn na kutaka kumwoa. Wolsey akavunja jambo hilo, na baadaye mfalme Henry wa Nane akamtaka binti yuleyule. Mwaka 1536 Anne, ambaye sasa alikuwa malkia, aliposhtakiwa, huyu Percy alikuwa mmoja wa malodi walioketi kumhukumu. Alipiga kura ya hatia pamoja na wenzake, kisha akaishiwa nguvu ikabidi atolewe. Alifariki mwaka uliofuata bila mtoto, na mashamba alikuwa ameshamwachia mfalme. Ndugu yake Thomas aliuawa mwaka huohuo 1537 kwa kushiriki uasi wa Wakatoliki wa kaskazini. Cheo kikalala miaka 20. Katikati ya miaka hiyo mwanasiasa mmoja, John Dudley, alijipatia cheo cha duki wa Northumberland, kinachozidi cha erli, na mwaka 1553 akakatwa kichwa. Kwa hiyo cheo hicho hakikuwa cha Percy peke yao. Kilikuwa cha mfalme, akampa amtakaye.

Thomas mwingine, mwana wa yule aliyeuawa, alirudishiwa cheo mwaka 1557 akawa erli wa saba, akaasi dhidi ya Elizabeth wa Kwanza mwaka 1569, akakimbilia Uskoti. Waskoti wakamuuza kwa Waingereza kwa pauni 2,000. Akakatwa kichwa York mwaka 1572, na mwaka 1895 Kanisa Katoliki likamtangaza mwenye heri. Ndugu yake aliyemfuata alikutwa amekufa kwa risasi kitandani akiwa mfungwa wa Mnara wa London, 1585. Serikali ilisema amejiua.

Wa tisa alikuwa mtu wa vitabu. Alimlipa mshahara mtaalamu wa hisabati Thomas Harriot na kumpa mahali pa kukaa katika nyumba yake ya Syon, kando ya mto Thames. Hapo Harriot alichora mwezi kwa kuutazama kwa darubini katikati ya 1609, miezi michache kabla ya Galileo. Lakini mwenye nyumba hakuwepo. Alikuwa Mnara wa London. Ndugu yake wa mbali, Thomas Percy, ndiye aliyekodi chumba cha chini ya Baraza la Malodi ambako baruti iliwekwa ili kumlipua mfalme mwaka 1605. Tarehe 4 Novemba, siku moja kabla, Thomas alikula chakula cha mchana Syon mezani kwa erli. Walizungumza nini hapo mezani? Erli alikana kujua lolote na hakuna aliyethibitisha kinyume chake. Mlo huo ulimgharimu karibu miaka 16 ya kifungo.

Sasa tufike kwenye hoja ya rafiki yako. Erli wa kumi na moja, Josceline, alifariki Turin mwaka 1670 akiwa kijana, akaacha binti mmoja wa miaka mitatu, Elizabeth. Cheo kikafa siku hiyo. Mashamba yakabaki kwa mtoto. Kuanzia hapo kila mwenye tamaa alitazama upande mmoja.

Aliyekwenda kwa ujasiri kuliko wote alikuwa James Percy, fundi masanduku wa Dublin. Alidai kwamba yeye ndiye mrithi kuumeni. Alihangaika na madai hayo karibu miaka 20, akileta nasaba moja, ikikataliwa akileta nyingine. Mwaka 1689 Baraza la Malodi lilichoka, likaamuru apitishwe mbele ya mahakama za Westminster Hall akiwa na karatasi kifuani iliyosema kwamba yeye ni mdai wa uongo na asiye na haya wa cheo cha erli wa Northumberland. Mzee wa watu alikuwa na umri mkubwa wakati huo. Mimi namwonea huruma; jina alikuwa nalo, alichokosa ni ardhi.

Elizabeth mwenyewe hakuulizwa sana. Aliozwa akiwa na miaka 12, mume akafa mwaka uliofuata. Aliozwa mara ya pili kwa tajiri Thomas Thynne, akamkimbia, na Februari 1682 Thynne akapigwa risasi ndani ya gari lake la farasi katika mtaa wa Pall Mall na watu wa kijana mmoja wa kigeni aliyemtaka Elizabeth. Ukienda Westminster Abbey utaona tukio hilo limechongwa kwenye kaburi lake: gari, farasi, wauaji. Miezi michache baadaye, akiwa na miaka 15 na mjane mara mbili, akaolewa na Charles Seymour, duki wa Somerset, mtu aliyejulikana kwa majivuno. Mkataba ulimtaka Seymour ageuze jina awe Percy. Elizabeth alipofikisha umri wa utu uzima alimsamehe sharti hilo. Hapo ndipo jina lilipokaribia kupotea.

Mwana wao Algernon (sharubu za mzee William zinarudi) alimpoteza mwanawe pekee wa kiume kwa ndui mwaka 1744. Akabaki na binti, naye pia Elizabeth, aliyekuwa ameolewa mwaka 1740 na Sir Hugh Smithson wa Yorkshire. Huyu ndiye Smithson wa rafiki yako. Ukoo wake ulikuwa na cheo kidogo cha karne moja tu, na chini ya cheo hicho kulikuwa na fedha za biashara ya London. Algernon aliundiwa upya uerli wa Northumberland mwaka 1749 kwa namna ambayo ungeshuka kwa mkwe wake, akafariki mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1750 Bunge likapitisha sheria: Smithson na mkewe wataitwa Percy. Mwaka 1766 mfalme George wa Tatu akampandisha kuwa duki, na maduki wa leo wote wanatokana naye.

Kwa hiyo, kuumeni ni Smithson, hilo rafiki yako ameshinda. Lakini fuata damu kupitia akina mama, Elizabeth Seymour hadi bibi yake Elizabeth Percy, kisha Josceline na baba zake mpaka kwa Hotspur, na juu ya Hotspur hadi Agnes na yule mwenye sharubu. Mnyororo haukukatika mahali popote.

Na Smithson alilitumikia jina kuliko waliozaliwa nalo. Alnwick aliikuta gofu. Akaijenga upya, akamleta Robert Adam kupamba ndani na Capability Brown kupanga bustani. Ukiisogelea ngome utaona askari wa mawe juu ya kuta, wengine wameinua mawe kana kwamba wanamrushia adui anayepanda. Wageni hupiga picha wakidhani wametoka enzi za Hotspur. Wengi wao walichongwa karne ya 18 kwa fedha za huyu bwana, wakati hatari pekee kutoka Uskoti ilikuwa bei ya ng'ombe.

Kuna mtoto mmoja wa Smithson ambaye hakuruhusiwa kabisa kuwa Percy. Alizaliwa Paris nje ya ndoa, mama yake akiwa mjane aitwaye Elizabeth Macie, akakulia na jina la Macie. Alisomea kemia, akaingia katika Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, akiwa na miaka 22. Mama yake alipofariki alichukua jina la baba, lakini lile la zamani, lile ambalo baba alilivua: akajiita James Smithson. Aliandika kwamba jina lake litakumbukwa siku ambayo vyeo vya Northumberland na Percy vitakuwa vimesahauliwa. Alifariki Genoa mwaka 1829 bila mtoto. Mali yake ilimwendea mpwa wake, naye alipokufa bila mrithi, wosia ukaipeleka Marekani, nchi ambayo James hakuwahi kukanyaga, ili ianzishwe taasisi ya elimu Washington. Dhahabu ilisafirishwa kwa meli mwaka 1838, sarafu zaidi ya laki moja. Ndiyo iliyozaa Smithsonian mwaka 1846. Mwishoni mwa 1903 Wamarekani walikwenda Genoa kuchukua mifupa yake, nayo iko kwao mpaka leo.

Nimebakisha mpira. Vijana wa Tottenham walioanzisha timu mwaka 1882 waliiita Hotspur FC, na Tottenham ikaongezwa mbele mwaka 1884. Percy walikuwa na ardhi maeneo hayo. Kuna mtaa pale unaitwa Northumberland Park mpaka sasa. Jogoo si wao. Nembo ya Percy ni simba wa buluu na mwezi mwandamo. Jogoo aliingia kwa njia ya mchezo wa maneno: neno la Kiingereza la vyuma vya mpanda farasi ndilo hilohilo la vipi vya jogoo, vile vinavyoota mguuni, na jogoo wa kupiganishwa walivishwa vipi vya chuma juu ya vya kwao. Mwaka 1909 aliyewahi kuichezea timu hiyo, William James Scott, alimtengeneza jogoo wa shaba akiwa amesimama juu ya mpira, akapandishwa kwenye paa la jukwaa.